Maji, Mawe na Karatasi ya Kifaransa: Kilichomo Chini ya Fungurume

Mwezi wa kumi, kabla mvua haijashika vizuri, nilikuwa nyumbani Fungurume kwa likizo fupi. Jumapili alasiri mama aliniita nje. Katika lupango letu walikuwa wamekaa majirani kama kumi na wawili, wengi wao akina mama, na katikati yao, juu ya bidoni ya njano iliyogeuzwa, kulikuwa na karatasi mbili. Wiki kadhaa kabla ya hapo watu walikuja kuchota maji ya foraji ya mtaa ili yapimwe. Sasa majibu yalikuwa yameletwa, kwa Kifaransa, bila mtu wa kuyaeleza.

"Wewe unasoma lugha kule Lubumbashi," mama alisema. "Tusomee."

Nilisoma, na nikashindwa. Neno la kwanza lilikuwa *dureté*. Nikasema "ugumu wa maji", wakacheka, kwa sababu kwao maji magumu ni barafu tu. Kisha likaja *nappe*. Katika Kifaransa changu cha shule *nappe* ni kitambaa cha meza, na kabla sijafikiri nikasema kwamba chini ya ardhi kuna kitambaa cha maji. Nkambo mmoja wa jirani akauliza, "Na nani alikitandika?" Wakacheka tena. Halafu mama mmoja akafungua mfuko wake, akatoa birika, akaligeuza ili tuone ndani. Lilikuwa limeshika ukoko mweupe, mgumu kama sementi.

"Mwanangu," aliniambia, "haya meupe yametoka kwa watu, au yametoka kwa mawe?"

Hapo hakuna aliyecheka. Fungurume ni mji wa migodi, na swali kama hilo si la mchezo. Anayejibu "yametoka kwa watu" bila kujua anawatia watu hofu, na anayejibu "yametoka kwa mawe" bila kujua anaweza kuwalaza usingizi wa hatari. Nilirudi Lubumbashi nikiwa na aibu. Miezi iliyofuata niliwasumbua wenzetu wa jiolojia, nikasoma nilichoweza kusoma. Makala haya ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile, kwa lugha ambayo mwenye birika angeielewa.

Mashapo ya munkoyo na mashapo ya Katanga

Tuanze na neno tulilo nalo tayari: mashapo. Kila aliyewahi kunywa munkoyo anajua mashapo ni nini. Ni yale mazito yanayotua chini chombo kikiachwa kitulie. Miamba ya mashapo huzaliwa hivyo hivyo. Mchanga, udongo, tope la chokaa na chumvi hutua chini ya maji, tabaka juu ya tabaka. Matabaka ya juu huyakandamiza ya chini, maji mengi hukamuliwa, na chembe hushikamana mpaka zikawa jiwe.

Miamba ya mashapo ya Katanga ilianza kutua chini ya miaka milioni 880 iliyopita, katika bonde lililofunguka ardhi ilipovutwa huku na huku, kisha bahari ikaliingia. Wakati huo hapakuwa na mti wala samaki. Kulikuwa na maji ya kina kifupi, jua kali, na tando za vijidudu zilizofunika sakafu ya bahari. Maji yalipokauka yaliacha chumvi na jasi, kama sahani yenye maji ya chumvi inavyoacha unga mweupe ikisahauliwa juani. Ikumbuke chumvi hiyo, msomaji, kwa sababu itarudi.

Wanajiolojia wanaigawa miamba hii katika makundi makubwa matatu: Roan chini, Nguba katikati, Kundelungu juu. Ndani ya Roan mna majina kama Kamoto, Kambove, Dipeta na Mwashya. Sisi wa kitivo cha lugha tunalalamika mara nyingi kwamba sayansi haizungumzi lugha zetu, lakini mtaalamu wa Tokyo au Toronto anayeandika juu ya shaba hana budi kutamka Dipeta, mto wa kwetu. Majina yamekwenda ulaya na yakapokelewa. Maelezo ndiyo hayajarudi nyumbani.

Kuanzia miaka kama milioni 550 iliyopita matabaka hayo yalisukumwa, yakakunjwa na kuvunjika, yakawa milima yenye umbo la upinde unaopita Katanga na kaskazini mwa Zambia. Wanajiolojia wanauita kwa jina linalotokana na mto Lufira. Fungurume tunaishi juu ya mavunjiko hayo. Vilima vya mji wetu ni vipande vya mwamba wenye madini, vingine vya mita chache, vingine vya kilomita nzima, vilivyokaa ndani ya kifusi cha zamani sana. Wataalamu wengi wanaona kwamba chumvi ilichangia mavunjiko hayo: mwamba wa chumvi ni laini, huteleza, na maji yakiuyeyusha, dari iliyokuwa juu yake huanguka.

Mtoto wa Fungurume anavitambua vilima hivyo kabla ya kujua kusoma. Juu yake hapaoti miti mikubwa, ila majani na maua machache yanayovumilia udongo wenye shaba, ambayo mingine ingeufia.

Maji hayakai juu ya kitambaa

Sasa turudi kwenye kosa langu. Anayesikia *nappe* hufikiri ziwa au mto uliofichwa chini. Kwa kawaida hakuna ziwa. Chukua sufuria, ijaze kokoto hadi juu, kisha mimina maji mpaka nusu. Ukichungulia huoni ziwa, unaona kokoto. Lakini ukichimba kwa kidole katikati, shimo lako linajaa maji. Kisima ni shimo hilo la kidole. Maji ya ardhini hukaa katika matundu na nyufa za mwamba, na husogea polepole kutoka palipoinuka kwenda palipoinama. Kwa hiyo badala ya "kitambaa cha maji" ningesema "kina cha maji", yaani pale ambapo, ukishuka, nyufa zote zimejaa.

Fungurume kuna mwamba mmoja unaofundisha jambo hili vizuri. Wachimbaji wanauita RSC, kifupi cha Kifaransa kinachomaanisha mwamba wa silika wenye vijumba, kama sega la nyuki. Ulianza kama kilima cha tando za vijidudu baharini. Baadaye ukageuka dolomiti, jiwe la chokaa lenye magnesi, kisha sehemu yake ikageuka silika, ile ngumu kama jiwe la kuwashia moto. Maji yalipopita kwa muda mrefu yaliila dolomiti na kuiacha silika. Matundu yaliyobaki ndiyo vijumba vyenyewe. Kwa hiyo ukishika kipande cha RSC unashika jiwe lililokwisha kuliwa na maji, na kwa sababu ya matundu hayo maji ya leo hupita humo kwa wingi. Mchimba foraji akikutana nayo hufurahi.

Hapo ndipo ilipo kanuni ya makala haya yote. Maji hayapiti katika mwamba kama mgeni apitaye barabarani. Huchukua kitu hapa, hukiacha pale, na kila yanapokiacha yamebadilika. Kinachoamua yachukue au yaache ni mambo machache: joto, chumvi iliyomo ndani yake, ukali wa asidi, na kama yana oksijeni au hayana.

Kazi ya kwanza: maji ya chumvi na shaba

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba shaba ya Fungurume haikuja kama moto wa volkano. Ililetwa na maji.

Matabaka yalipozikwa chini ya kilomita kadhaa za mashapo mengine, joto lilipanda likapita nyuzi 100 za Selsiasi. Maji yaliyobaki katika nyufa hayakuchemka, kwa sababu uzito wa juu uliyabana. Yalikuwa makali kwa chumvi, ile chumvi ya bahari iliyokauka. Chumvi ina tabia moja muhimu: klorini iliyomo hushikana na shaba na kuifanya isafiri ndani ya maji. Maji matamu yangebeba shaba kidogo mno, lakini maji ya chumvi, ya moto, yenye oksijeni kiasi, hubeba nyingi zaidi. Yalipita katika mchanga na udongo mwekundu wa chini, uliokuwa na shaba kidogo kidogo iliyotawanyika kila mahali, yakaiokota.

Kisha yakakutana na miamba ya namna nyingine, ya kijivu na nyeusi, yenye mabaki ya viumbe na salfa iliyotokana na jasi ya zamani. Humo oksijeni ilikuwa haba. Shaba ilipokutana na salfa ya namna hiyo haikuweza tena kusafiri. Ilishikana nayo, ikaganda kuwa madini: kalkopiriti, borniti, kalkositi, na karoliti yenye shaba na kobalti pamoja.

Mpaka wa mambo hayo unaonekana kwa macho. Mwamba wa chini kabisa, RAT, ni mwekundu kama tofali. Sehemu yake ya juu, unapokaribia madini, ni ya kijivu. Wekundu ni chuma chenye oksijeni ya kutosha, na ukijivu ni mahali ilipopungua. Juu yake kuna tabaka mbili za madini, kila moja kwa kawaida mita chache hadi kumi na kitu, na kati yao imekaa RSC, ambayo kwa sehemu kubwa ni maskini.

Wataalamu bado wanabishana kuhusu wakati. Wengine wanasema shaba iliingia mapema, mashapo yakiwa bado hayajawa jiwe kamili. Wengine wanasema sehemu kubwa ilikuja baadaye, milima ikikunjwa. Wengi wanakubali kwamba maji yalipita zaidi ya mara moja. Hata hivyo hawabishani kuhusu mbebaji, ambaye ni maji ya chumvi.

Kazi ya pili: mvua inashuka

Milima ilipoliwa na mmomonyoko, miamba iliyozikwa ikafika karibu na uso wa nchi. Hapo maji mengine yakaanza kazi yao, safari hii kutoka juu. Maji ya mvua hayana chumvi na si ya moto, lakini yana oksijeni, na yakipita katika udongo huchukua pia kaboni dioksidi inayotolewa na mizizi na vijidudu. Yanakuwa asidi dhaifu.

Oksijeni ikiyafikia madini yenye salfa, huyavunja. Salfa hugeuka asidi ya salfa, na shaba huachiliwa ndani ya maji. Kama hadithi ingeishia hapo, mito yetu ingekuwa ya buluu na hakuna ambaye angeishi Fungurume. Lakini jiwe linaloyashika madini hayo mara nyingi ni dolomiti, na dolomiti huiua asidi, kama majivu yanavyopunguza uchachu. Asidi ikisha kupoa, shaba hushikana na kaboneti iliyomo majini, ikaganda tena. Jiwe hilo jipya ni malakiti, lile la kijani tunalolijua sote. Babu zetu waliotengeneza misalaba ya shaba, wale wanaosimuliwa kuwa "wala mukuba", waliyeyusha zaidi malakiti hiyo, kazi ya maji ya mvua, si madini ya chini.

Kobalti hufuata njia yake. Ikipata oksijeni ya kutosha haipendi kusafiri, hubaki juu na kuwa heterojeniti, jiwe jeusi ambalo wachimbaji wadogo wanalitafuta leo. Ndiyo sababu karibu na uso wa nchi mara nyingi unakuta weusi wa kobalti na kijani cha shaba, na chini zaidi, makumi ya mita au hata zaidi ya mia, unafika kwenye madini ya zamani yenye salfa ambayo oksijeni haijayafikia.

Maji ya mvua yametengeneza huku madini ya aina nyingi sana, na hapa mwanafunzi wa lugha anapata zawadi. Katika orodha ya kimataifa ya madini kuna likasiti, kolweziti na kipushiti, zilizoitwa kwa miji yetu. Kuna pia shabaiti, iliyotambuliwa Kamoto na kuitwa kwa jina la jimbo letu la wakati ule, Shaba, jina lililodumu hadi 1997. Neno la Kiswahili limeingia katika vitabu vya madini vya dunia nzima. Ila anayelisoma akadhani limebeba shaba atadanganyika, kwa sababu shabaiti ni kaboneti yenye urani na neodimi, na shaba si sehemu ya umbo lake. Jina ni la jimbo, si la metali. Shabaiti inatukumbusha pia kwamba shaba na kobalti si vitu pekee vinavyosafiri na maji ya nchi hii.

Birika la jirani

Sasa naweza kujibu swali. Maji yetu ya foraji hupita katika dolomiti. Kwa kuwa ni asidi dhaifu, yanaila kidogo kidogo na kubeba kalsi na magnesi yake. Macho hayaoni kitu, maji ni meupe kama kioo. Ukiyaweka juu ya mbabula yakachemka, kaboni dioksidi hutoroka, na kalsi haiwezi tena kubaki ndani ya maji. Inaganda ukutani mwa birika. Ukoko ule ni chokaa. Ni kazi ile ile iliyoanza kabla ya samaki wa kwanza, sasa ikitokea jikoni: maji yamechukua jiwe kule chini, yameliacha hapa. Ndiyo *dureté* ya karatasi, na ndiyo sababu sabuni haitoi povu. Kwa hiyo yale meupe yametoka kwa mawe, wala si sumu.

Lakini jibu hilo halitoshi, na ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kosa la pili kubwa kuliko la kitambaa.

Dolomiti hiyo hiyo inayochafua birika ndiyo inayotulinda. Maadamu maji yanapita katika jiwe la kuua asidi, na pH yake iko juu kidogo ya 7 kama karatasi yetu ilivyosema, shaba nyingi hubaki imeganda kama malakiti. Lakini ulinzi huo una mipaka. Mahali ambapo mwamba ni silika tupu hakuna cha kuua asidi. Miamba yenye salfa ikivunjwavunjwa na kurundikwa hewani, oksijeni huifikia upesi kuliko ilivyozoea, na asidi inaweza kuzidi jiwe lililopo. Asidi ikimwagika kutoka mahali popote na kuzama ardhini, ni hivyo hivyo. Hapo metali zilizokuwa zimelala huamka na kusafiri. Na maji yenye metali yanaweza kuwa meupe kama kioo vilevile. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa shaba katika maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita, kiasi kidogo ambacho jicho halikioni.

Kuchemsha pia kuna mipaka yake. Huua vijidudu vinavyoumiza matumbo ya watoto, na kwa hilo tusiache kuchemsha, hasa maji ya visima vifupi vilivyo karibu na vyoo. Lakini hakuondoi metali. Maji yakipungua kwa mvuke, metali iliyobaki huongezeka katika kila kikombe.

Basi mtu atajuaje? Kwa kupima, na kupima tena. Kipimo kimoja ni kama picha moja ya mtoto, haikuambii kama anakua au anakonda. Mvua ikija kina cha maji hupanda na kupita katika nyufa zilizokuwa kavu, na kiangazi hushuka. Foraji ile ile inaweza kutoa maji tofauti kidogo mwezi wa pili na mwezi wa tisa. pH ikianza kushuka mwaka hadi mwaka, na salfeti ikipanda, hiyo ni dalili kwamba mahali fulani asidi inashinda, hata kabla metali zenyewe hazijafika. Niliirudia karatasi ya mtaa wetu kwa macho mapya. Ilikuwa na ugumu, pH, chumvi na vijidudu. Shaba, kobalti, manganizi na urani havikuwemo. Siku ile sikuweza kuliona pengo hilo, kwa sababu nilikuwa nahangaika na kitambaa.

Maji ya mawe

Wakati wa Noeli tulikaa tena katika lupango, watu wengi kidogo kuliko mara ya kwanza. Nilileta sufuria ya kokoto, kipande cha RSC na ndimu. Nilidondosha ndimu juu ya ukoko wa birika, ukatoa povu, na sikuhitaji kueleza sana asidi na chokaa ni nini. Nilipofika kwenye *dureté* nilisema kwamba vitabu vya Tanzania vinasema "maji magumu". Wakatikisa vichwa. Nkambo aliyeniuliza juu ya kitambaa akasema, "Kama jiwe limo ndani yake, basi ni maji ya mawe." Hakuna aliyepinga.

Kisha mama mwenye birika akauliza swali lake la pili, na lilikuwa bora kuliko la kwanza: "Hivyo vinne ambavyo havikupimwa, tunaviomba kwa nani?"

Tuliandika barua usiku ule. Inaomba shaba, kobalti, manganizi, urani na salfeti vipimwe, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, na majibu yaletwe kwa lugha inayosomeka mtaani. Imeandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Tunasubiri jibu. Maneno mengi ya nakala ya Kiswahili ni yangu, lakini "maji ya mawe" ni ya nkambo, na mahali pale nimeliacha neno lake lilivyo.